Dereva wa Masika Yale

Hatibu akishikishwa kipaza sauti, jua kuna mtu atavuliwa nguo mchana kweupe. Asubuhi ile watu wa Makorora walikuwa wamefurika uwanjani, wengine wamepanda kuta, na magari ya zamani kutoka Dar yamejipanga foleni yakimetameta utadhani yanakwenda kuposwa. Hatibu kasimama kwenye ngazi ya lori la Bedford la bluu, kanzu imenyooka, miwani ya jua usoni, anamsimulia marehemu kaka yake. Na mbele yake, kwenye kiti cha plastiki walichokiita kiti cha heshima, amekaa mjane wa huyo kaka, Zuwena, meno kayauma, anajiombea subira. Subira haikuja.

"Masika yale yalikuwa masika kweli, si manyunyu yenu haya!" Hatibu alinguruma. "Barabara ya Segera imekatika, magari yote yamelala. Akatokea mwanamume mmoja tu Tanga nzima, kaka yangu Saleh, akasema mimi napita pwani! Pangani, Mkwaja, Saadani, mpaka Bagamoyo, na shehena ya nazi nyuma! Na akapita! Lori la kwanza kupita njia ile masika, na walioiga wote wakaishia matopeni!"

Vifijo vikapigwa. Hatibu akangoja vitulie. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu maji alikuwa nayo debe zima.

"Na huyu shemeji yangu naye alikuwemo, msimwone kajikunyata hapo. Kaka alimpakia tu akawasalimie jamaa zake Bagamoyo. Sasa pale Pangani, kwenye pantoni, si mnajua abiria wote lazima washuke wavuke kwa miguu, dereva peke yake ndiye abaki na gari? Basi shemeji alishuka wa kwanza! Buibui kalipandisha mpaka magotini, anapiga mayowe, nakufa jamani, nakufa, maji!"

Uwanja ukaangua kicheko. Wanawake wa mtaa wake, waliokula pilau lake arusi hadi arusi, walicheka wakishikana mabega. Hata binti yake Khairat, aliyesimama nyuma ya kiti chake, Zuwena alimsikia akicheka kidogo, halafu akajikohoza.

Hilo la Khairat ndilo lililomkata maini. Huyo Hatibu, Zuwena alishamzoea. Hatibu siku hiyo anayoisimulia alikuwa hapahapa Tanga anacheza karata, hata tairi la lori hakuliona linavyotoka. Lakini mtoto uliyemzaa mwenyewe!

Nakufa, maji! Zuwena? Binti wa Jaku? Jaku alikuwa Mpemba, fundi wa magari kwenye mashamba ya katani, na Mungu hakumpa mtoto wa kiume. Basi alichokuwa nacho kichwani alikimimina chote kwa binti yake. Zuwena alijua kufunga breki za lori kabla hajajua kusuka ukili. Saleh alipomwoa alijua hayo, na aliyapenda, mradi yawe huko shambani watu wasione.

Na safari ile Saleh hakuiendesha zaidi ya Kigombe. Kigombe homa ikamwangusha. Alishikwa na mtetemeko usukanini, lori likaingia mnazini, na kutoka hapo alilazwa nyuma juu ya nazi, chini ya turubai, utingo wao Shekhe akimshikilia asidondoke. Zuwena ndiye aliyeshika usukani. Pantoni ya Pangani aliingiza yeye. Matope ya Mkwaja aliyala yeye, akakata makuti kwa mikono yake kuyatandika chini ya matairi. Saadani daraja la magogo lilizama nusu, akapita juu yake maji yakiwa kwenye ngazi za lori. Walipobakiza kidogo tu waingie Bagamoyo, homa imemwacha Saleh, akagonga bodi.

"Nipishe, mke wangu. Watu wasije wakatucheka."

Akampisha. Saleh akaingia mjini mkono dirishani, anapunga. Watu walimbeba juu juu. Waliporudi Tanga alikuwa na jina jipya, Saleh Masika, na funguo za Bedford akazitia mfukoni mwake. Mke wake, alisema, si utingo wala dereva.

Zuwena alinyamaza. Mume husitiriwa, ndivyo alivyolelewa. Lakini alikula yamini: pantoni ile hataipanda tena kama abiria. Kama si yeye aliye usukanini, ng'ambo ya mto haijui. Na hakuijua. Wakazaliwa watu, wakafa watu kule Bweni na Ushongo, ndugu wa damu, yeye akatuma rambirambi. Wakasema ana kisirani. Naam, alikuwa nacho, na alikilea vizuri. Utingo Shekhe akafa, Saleh naye akafa, na siku Zuwena alipofumbua mdomo aseme ukweli, akajibiwa neno moja na kila mtu: marehemu hasemwi. Yaani Saleh alimfunga mdomo akiwa hai, akamfunga tena akiwa kaburini.

Sasa likaja hili la wapenzi wa magari ya zamani. Chama chao kinazunguka nchi kuwaenzi madereva wa kwanza waliofungua njia ngumu. Walilikuta Bedford uani kwa Hatibu, kuku wanatagia ndani, wakalifufua. Wakachonga kibao cha shaba kinachokwenda kusimikwa leo Ushongo, kando ya barabara. Zuwena alikiona kikipakiwa nyuma ya lori, juu ya nazi chache za maonyesho: MAREHEMU SALEH, DEREVA WA KWANZA KUPITA NJIA YA PWANI WAKATI WA MASIKA. Shaba, jamani. Kitu kisichooza. Uongo wa mdomo hufa na msemaji, lakini huu ukishapigiliwa zege, wajukuu wa wajukuu wataukuta. Ndiyo maana alikuja.

Mkuu wa chama, Kristofa, mtu mrefu wa sauti ya upole, alimwinamia. "Shikamoo, mama. Tungependa mjane wa marehemu naye atuambie neno moja."

"Marahaba," Zuwena alisema, akakipokea kipaza sauti. Akasimama. "Lori lile niliendesha mimi."

Halafu kicheko kikaanzia nyuma, kikaja mbele.

"Saleh alikuwa na homa. Kalala nyuma juu ya nazi kama gunia. Niliendesha mimi, Kigombe mpaka Bagamoyo, na huyu Hatibu hapa ni mwongo, na akisimamisha kibao kile..."

Mkono ukamjia kutoka nyuma, ukamchopoa kipaza sauti. Haukuwa wa Hatibu. Ulikuwa mkono wa Khairat.

"Mama, yatosha!" Khairat alisema kwa sauti ya chini, macho yamemjaa machozi ya aibu. "Marehemu hasemwi. Baba yangu huyo. Unamdhalilisha mbele ya watu wa Dar!"

"Uzee dawa yake sala," Hatibu alisema, na watu wakacheka tena, safari hii kwa huruma, ambayo ni mbaya kuliko dharau.

Zuwena alimtazama binti yake. Mtu mzima huyu, ana biashara yake ya samaki, ana watoto. Alimtazama mpaka Khairat akainamisha uso.

"Sawa," alisema Zuwena. "Nakwenda nanyi Ushongo. Yamini yangu naivunja, nitaifungia siku tatu za kafara. Lakini nitasema palepale penye kibao chenu, na hapo atakayeninyang'anya kipaza sauti nitamng'ata mkono."

Wakapanda. Hatibu kang'ang'ania usukani, hakutaka dereva wa chama aguse hata gia. Khairat katikati, Zuwena dirishani. Nyuma yao magari ya Dar yakafuata, Kristofa wa kwanza. Njia nzima hakuna aliyemsemesha mwenzake kwa wema. Hatibu alikuwa akibadili gia lori linalia kama mbuzi anayechinjwa, na kila likilia Zuwena alifumba macho.

"Unazisaga," alisema walipopita Kigombe.

"Shemeji, kaa kimya. Udereva si kupika mandazi."

"Mandazi yasingekushinda. Hilo lori linakushinda."

"Mama," Khairat alisema.

"Usiniite. Wewe umeshasema yako kwenye kipaza sauti, na umeme umeyapeleka mbali."

Hatibu akacheka puani. "Mwache, Khairat. Wivu wa maiti huo. Mwanamke anamwonea wivu mumewe kaburini, lini mmeona?"

"Naona wivu wa nini, wewe debe tupu? Kaka yako alikuwa mgonjwa, homa haina aibu. Aibu ni yako wewe, mzima wa afya, unayekula jasho la mtu na bado unamchekesha nalo watu. Nilipandisha buibui, ee? Ulinionea wapi magoti?"

Hatibu alisaga gia nyingine.

Pangani walikuta maji yamekupwa. Gati la pantoni lilikuwa limebaki mteremko mkali, umepakwa matope, na huko juu ya mto nguzo za daraja jipya zimesimama zikingoja kumaliziwa. Magari huingia pantoni ile kwa rivasi, yatoke ng'ambo yakitazama mbele, na foleni ilikuwa ndefu: pikipiki, Fuso la mkaa, gari la wagonjwa, wanawake wenye ndoo za samaki. Kijana mmoja wa pantoni, kizibao cha rangi ya chungwa kifuani, akaja mbio akipiga bodi ya Bedford kwa kiganja.

"Wote chini! Wote chini! Abaki Zuwena!"

Zuwena alimgeukia. Mjini hakuna anayemwita hivyo. Ni Mama Khairat, ni shemeji, ni bi mkubwa, na kwenye ratiba ya leo ni mjane wa marehemu. Jina lake hasa hulisikia zahanati akiitiwa dawa. Sasa hapa, katika mto alioususa tangu ujana wake, kijana asiyemjua analipiga ukelele mbele za watu.

Akajua tu: Hatibu. Hatibu kamtuma mtu amkejeli mpaka huku! Akafungua mlango, akashuka na ule uzee wake, Khairat nyuma yake, akamkamata kijana kizibao.

"Nani kakutuma?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani kakutuma unitukane?"

"Nikutukane vipi tena, bibi yangu?" Kijana alimtazama kwa mshangao mtupu. "Nimesema mshuke tu. Abaki Zuwena, sisi abiria tuvuke kwa miguu. Ndiyo sheria ya pantoni."

"Zuwena gani?"

"Zuwena si dereva!" Akanyoosha mkono foleni nzima. "Hapa dereva wa gari lolote ni Zuwena. Yule wa Fuso Zuwena, huyu wa ambulansi Zuwena."

"Zuwena wa mkaa nipo!" alipaza sauti dereva wa Fuso, mwanamume mwenye ndevu kifua kizima, na foleni ikacheka. "Nasri, wape watu njia, mwenye mkaa nachelewa!"

Kristofa alikuwa ameshuka garini mwake, anakuja. Alimtazama Zuwena, akamtazama kijana. Asubuhi ile jina hili alikuwa hajalisikia hata mara moja. "Kwa nini mnawaita hivyo?"

"Tumekuta wakiitwa hivyo, mzee," kijana Nasri alisema. "Toka zama za babu yangu, ndiye alikuwa mkuu wa pantoni. Yalipiga masika, barabara zote zimekufa. Mara linatokea lori la nazi, usukani kashika mwanamke. Babu akasema mwanamke chini, dereva abaki. Yule mwanamke akasema dereva ndiye mimi, na dereva haachi gari lake. Babu hakusadiki! Akapanda nyuma, akafunua turubai, akamkuta mume anatetemeka homa juu ya nazi. Basi akashushwa mume, akavushwa kwa mkeka kama mzigo. Mke akaingiza lori kwa rivasi kwenye matope, mara moja tu, hakurudia. Babu akapiga ukelele, wote chini, abaki Zuwena! Mto mzima ukacheka, na ukelele ukabaki. Daraja likiisha, na huo nao utakufa."

Mtu wa Dar mmoja nyuma ya Kristofa akasema, "Si asubuhi tuliambiwa alishuka wa kwanza?"

"Zuwena ni wengi pwani hii!" Hatibu alisema kutoka juu, bado kang'ang'ania usukani. Jasho lilikuwa limemshuka mpaka kwenye kola ya kanzu. "Hadithi za mtoni hizo! Unamsikiliza mkata tiketi?"

"Huyu alikuwa binti wa Mpemba mmoja, fundi wa mashamba ya katani," Nasri alisema. "Jaku. Babu alikuwa akimtaja sana. Jina la mume ndiyo hatukuambiwa."

Hapo Zuwena, wallahi, nusura acheke. Saleh Masika! Saleh wa kibao cha shaba! Ng'ambo ya hapa hana hata jina.

"Mama," Kristofa aliuliza polepole, "baba yako aliitwa nani?"

"Jaku," alisema Zuwena. "Na mimi ndiye Zuwena. Nimewaambia asubuhi, mkanicheka."

Nasri akaachia mdomo wazi. Akaitazama ile sura ya kikongwe, mikono, buibui, akarudi tena kwenye sura. Akavua kofia yake.

Lakini Hatibu, kama alivyosema mhenga, la kuvunda halina ubani. Badala ya kushuka aone haya, alipiga ngumi usukani. "Haya, hata kama! Leo dereva ni mimi! Mimi ndiye ninayeingiza!" Akasukuma gia ya rivasi, ikagoma, akaisukuma kwa hasira, ikaingia kwa kishindo, lori likaruka nyuma, likateleza upande kwenye matope. Watu wakapiga mayowe. Ndoo za samaki zikamwagika. Nasri na wenzake wakatupia mawe chini ya matairi, na lori likasimama tairi moja limetoka nje ya gati, juu ya maji.

Hapo kwa kweli kulikuwa na mtu aliyekuwa akipiga kelele nakufa. Alikuwa Hatibu.

"Teremka," Zuwena alimwambia.

"Shemeji, macho yako..."

"Macho yangu yanakuona vizuri mno. Teremka, Hatibu, kabla sijakuvuta kanzu."

Akateremka. Akasimama kwenye matope na viatu vyake vyeupe, na hakuna aliyemshika mkono. Zuwena akapanda. Magoti yalimuuma, kiti kilikuwa kimebonyea kwa uzito wa watu wengine, lakini usukani ulikuwa uleule, mpana, na klachi ngumu vilevile kama mkwe. Akawasha. Mara ya kwanza lori lilizima. Hatibu akafumbua mdomo, Nasri akamgeukia, akaufumba. Mara ya pili akalitoa mbele taratibu mpaka tairi likarudi kwenye zege, akaweka rivasi, akachungulia dirishani kama alivyofundishwa na baba yake, maana vioo ni vya kujitazama uso, na akaliteremsha. Lilikwenda nyuma limenyooka. Likapanda pantoni, likatulia.

"Wote chini!" Nasri aliita. "Abaki Zuwena!"

Safari hii hakuna aliyecheka. Dereva wa Fuso alipiga honi, mara moja, ndefu.

Pantoni ikaondoka. Zuwena kakaa peke yake garini, wengine wote wamesimama chini. Yamini yake ilikuwa imesalimika, wala kafara haidaiwi. Alidhani atafurahi. Kilichompanda ni uchungu tu. Hesabu ilikuwa inamjia yenyewe: kila siku ya Mungu, asubuhi na jioni, jina lake lilikuwa linaitwa kwenye mto huu, na yeye kakaa Makorora kununa, hakuvuka akalisikia. Yamini ile aliyoila kuwakomoa wengine ilimkomoa yeye.

Khairat akaja dirishani. Alikuwa amelia, mtandio umeloa.

"Mama, nisamehe."

Zuwena alitazama mbele, Bweni inasogea.

"Mama, navuka hapa kila wiki kufuata samaki Ushongo. Ukelele huu nausikia kila wiki."

Zuwena akageuka. "Unausikia?"

"Nausikia."

"Wote chini, abaki Zuwena. Kila wiki."

"Nilidhani ni maneno yao tu ya pantoni, Mama. Wewe hakuna anayekuita Zuwena. Hata haikunipitia kichwani."

"Na nilipokuambia niliendesha mimi? Nilipokuambia pantoni niliingiza mimi? Uliposikia jina la mama yako mtoni, hukuuliza? Mdomo wa kupatana bei na wavuvi unao, wa kuuliza swali moja huna?"

Khairat aliweka mkono tu juu ya dirisha. Zuwena aliuangalia mkono ule, ule ule uliomnyang'anya kipaza sauti, na hakuugusa.

Bweni pantoni ikafungua mdomo. Bedford likatoka la kwanza, likapanda kilima bila kulia hata kidogo, na juu akalisimamisha injini ikinguruma. Abiria wakaja kwa miguu. Kristofa mbele, kofia mkononi.

"Mama, tumekosa. Kibao tutakichonga upya. Utuambie liandikwe jina gani, tuandike."

"Kwanza kishusheni hicho mlichonacho. Katika lori ninaloendesha mimi hakipandi."

Wakakishusha. Wanaume wanne walikibeba wakakilaza majanini kifudifudi. Hatibu alikuja wa mwisho, kanzu imepata rangi mpya, akashika mpini wa mlango.

"Shemeji, yaliyopita si ndwele..."

"Pantoni inarudi Pangani sasa hivi. Panda, urudi Makorora. Asubuhi walikusikia wote, basi jioni wakusikie tena. Uwaambie nani alipiga kelele nakufa." Akamtazama mpaka mkono ukatoka kwenye mpini. "Na usipowaambia, nitakuja mimi na kipaza sauti."

Akaweka gia ya kwanza. Lori likaanza kwenda, halina abiria, nazi zikigongana nyuma.

"Shemeji!" Hatibu aliita.

"Mama Khairat!" wakaita wanawake wenye ndoo, waliomjua Khairat kwa samaki.

Hakusimama. Huyo shemeji na huyo Mama Khairat walioitwa hakuwajua.

"Mama!" Khairat alikuwa anakimbia, viatu mkononi, vumbi limemmeza. "Mama! Mama, nisubiri!" Lori likazidi. Ndipo binti yule akafanya jambo ambalo hakuna mtoto wa pwani mwenye adabu zake amewahi kulifanya barabarani mbele za watu. Alilitaja jina la mama yake, kwa pumzi yote aliyokuwa nayo.

"Zuwena!"

Breki zikalia. Wanawake wa ndoo wakashika vinywa. Khairat mwenyewe akasimama pale alipokuwa, kama mtu aliyevunja chungu cha watu.

Kisha mlango wa dereva ukafunguka, na Zuwena akatoa kichwa. Uso ulikuwa umelowa, lakini haukuwa umelainika.

"Panda," alisema.

Khairat akakimbia, akashika mlango wa mbele.

"Huko siko. Nyuma," Zuwena alisema. "Juu ya nazi. Alipolala baba yako."